Gauni la Njano la Yustina

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, nayo ni ile niliyokwenda kwetu Busunzu na mfuko wa zawadi mapajani, nikijiona nimeshakuwa mtu. Nilikuwa nimeolewa Buhigwe, nauza maharage, na mwaka ule maharage yalikuwa yameniheshimu. Krismasi ilikuwa imekaribia. Nikasema moyoni, safari hii nyumba ya baba yangu itang'aa.

Nguo zenyewe nilizinunua Kasulu mjini, katika duka moja ambalo wanawake wa sokoni tulilisifu sana. Mwenye duka alikuwa na mafundi wake chumba cha nyuma. Mlio wa vyerehani ulisikika hadi barabarani, na nguo zilitoka mpya, za kumeremeta, tena kwa bei iliyoshinda hata mitumba. Baba nilimchagulia shati la bluu. Mama nilimchukulia blauzi. Mdogo wangu Yustina nikamnunulia gauni la njano lenye maua kifuani. Sikuuliza kitu. Mtu akishaona kitu kizuri kwa bei ya chini huogopa kuuliza, asije akasikia jibu.

Hapo nikuambie jambo moja ambalo mpaka leo linaniuma. Yustina alikuwa ameondoka nyumbani miezi mingi kabla, amechukuliwa na mama mmoja aliyewaahidi wazazi kwamba binti atafundishwa ushonaji mjini. Mimi nilikuwa nikienda Kasulu kila wiki na maharage yangu. Kila mara nilijiambia nitamtafuta. Sikumtafuta.

Nilipofika Busunzu nilimkuta amekaa jikoni na mama, amekonda, anakohoa. Alikuwa amerudishwa siku mbili kabla kwa sababu ya ugonjwa. Nilimkumbatia, nikamwambia asijali, nimemletea kitu cha kumchangamsha. Nikamtolea lile gauni. Alilipokea kwa mikono miwili kama tulivyofunzwa, akaligeuza ndani nje, akatazama mshono wa kwapani. Kisha akasema polepole:

"Dada, hili nililishona mimi."

Nilidhani homa inamsumbua. Akanionyesha kidole chake cha shahada, chenye kovu pale sindano ya cherehani ilipopita, na tone dogo la damu lililokauka kwenye pindo la ndani ambalo hakuna mnunuzi anayelitazama. Ndipo akatueleza. Walikuwa wasichana wanane katika chumba kisicho na dirisha. Mlango ulifungwa kwa nje asubuhi, ukafunguliwa jioni kazi ya siku ikiisha. Rangi za vile vitambaa ziliwachubua mikono na vumbi lake likawakaa kifuani. Aliyechoma kidole aliambiwa afunge kitambaa aendelee. Kushona walikuwa wameshajua, lakini mshahara hawakuujua.

Mwanangu, nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa mdogo wangu, ukuta mmoja kati yetu, nikibembeleza nipunguziwe bei ya jasho lake.

Baba yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikunja shati lake la bluu vizuri, akaliweka mapajani pangu.

"Siwezi kuvaa hili nikaenda kanisani kumshukuru Imana," akasema. Imana ndiye Mungu kwa Kiha chetu. "Na usijifariji kwamba hukujua. Asingelishona Yustina wetu, angelishona Yustina wa mwingine."

Maneno yale yaliniingia kuliko kofi. Krismasi ile tulivaa nguo zetu za zamani, na nilipokuwa naimba kanisani nilikuwa nawafikiria wale saba waliobaki.

Siku ya soko iliyofuata nilirudi Kasulu na gauni la njano begani. Niliwaeleza wanawake wenzangu, wauza maharage na wauza ndizi. Wengine walisema tusijitafutie matatizo na mtu mwenye uwezo. Lakini mmoja, muuza ndizi, akauliza binti yake mwenyewe yuko wapi tangu mwezi wa sita, na hapo hakuna aliyebaki amekaa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikwenda wote, tukakaa barazani kwa yule bwana mwenye duka, tukamwomba jambo moja tu: atuonyeshe waliozishona nguo zake.

Alicheka. Akasema mafundi wako kazini, tusiwasumbue. Hatukumtukana wala kugusa kitu. Kila mteja aliyekuja tulimwonyesha lile gauni, tukamgeuzia pindo. Wateja walitazama, wakarudisha nguo walizozishika, wakaondoka. Saa sita haijafika, duka lilikuwa tupu, na mtendaji wa kata tuliyemtumia mtu alikuwa amesimama mlangoni akidai ufunguo.

Mlango ulipofunguliwa walitoka saba, wamefumba macho kwa sababu ya jua. Yule mama muuza ndizi alimtambua wake kabla binti hajaona vizuri. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, nadhani vilisikika Rungwe Mpya. Yule bwana alipelekwa kunakohusika, na chumba kile hakikufungwa tena kwa nje.

Lakini kuvunja kibaya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujenga chema. Huko Rungwe Mpya aliishi Mama Nestori, fundi ambaye wazazi wake walitoka Burundi, naye akawa raia kama sisi. Alimchukua Yustina na wawili kati ya wale saba. Kwake mlango ulikuwa wazi, saa sita mnaacha cherehani mnakula pamoja, na kila aliyeshona alipata fungu lake siku nguo inapochukuliwa.

Baba naye aligeuka. Alikuwa mkulima wa pamba, na miaka yote alipulizia dawa kali mpaka macho yakawa mekundu. Kikohozi cha Yustina kilimfanya ajiulize yeye mwenyewe anawaumiza akina nani. Akaacha sumu, akawa anapondaponda pilipili na kuchanganya na majivu. Majirani walimcheka. Msimu wa kwanza wadudu walimlia karibu nusu ya shamba, na mama alinuna. Msimu wa pili pamba ilifunguka nyeupe hadi ukingoni, na kikundi cha wakulima wa kilimo hai kikaja kuinunua. Kupitia wao tukapata kitambaa kilichofumwa kwa pamba ya namna hiyo hiyo, laini, kisichochuja, kisichowasha.

Yustina ndiye aliyekishona. Pasaka iliyofuata tuliingia kanisani ukoo mzima, baba mbele na shati lake jeupe, mama nyuma yake, na mtoto wangu mchanga kifuani pangu ndani ya kigauni ambacho hakikumtoa hata kipele kimoja. Watu waligeuka. Baba, mtu yule mnyamavu, alitembea katikati ya benchi kama mfalme, na kila aliyemuuliza shati limetoka wapi alimwonyesha Yustina kwa mkono wote. Chema chajiuza. Kabla ya Pentekoste Yustina alikuwa na oda asizoweza kuzimaliza, akawaita wale wenzake wote saba. Leo ana karakana yake Kasulu yenye madirisha manne makubwa, na kila nguo ina jina la aliyeishona limedariziwa ndani ya shingo.

Sasa nasikia unataka kuwanunulia wadogo zako zawadi, unateua kwenye simu vinavyong'aa. Sikukatazi kutoa, mkono wa kutoa umebarikiwa. Ila ukiona vyaelea, vimeundwa. Uliza nani ameviunda, alikula saa ngapi, mlango wake ulifungwa upande gani. Uliza pamba ilikulia wapi na ilinyweshwa nini. Asiyekujibu, mwachie nguo yake. Kama uwezo ni mdogo, nunua moja iliyo safi badala ya tano zenye kilio, na umpe kwanza yule mwenye ngozi changa kuliko wote. Zawadi ni neno la upendo, mwanangu. Usilitamke kwa mdomo wa mtu anayelia.

Imana akupe mikono ya kutoa na macho ya kutazama pindo la ndani. Wanao wavae, wachakaze, waombe nyingine, na asiwepo mtu mahali popote anayewalaani kwa kuvaa kwao. Nenda kwa heri.