Naba Mweusi wa Hendrina

Hendrina alikufa akiitwa mwongo, na jambo hilo lilimkaa bintiye Rosina kooni kama mfupa. Enzi za uhai wake alisema aliwahi kuchimba naba mweusi tii. Huku kijijini Gochas, naba, ule uyoga unaojificha mchangani, ana rangi ya udongo. Mweusi nani kamwona? Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Mwaka huu mvua ilinyesha ya kushiba, na Elfriede, mtafiti wa uyoga kutoka Windhoek aliyekuja kuandika aina za naba, alikuwa aondoke siku hiyo jioni. Asubuhi Rosina akaona mchanga umepasuka chini ya kichaka, akafukua. Mweusi! Akapiga kigelegele peke yake. Kisha, lo, mikono ikafanya ilichozoea: ikamenya palepale, ikarudisha maganda shimoni, ikafukia, maana ardhi nayo hula. Akakimbia nyumbani na kitu cheupe mkononi.

"Wifi, huyu ndiye mweusi?" Drieka, mke wa kaka yake, akashika kiuno. "Basi na mimi malaika. Umerithi mdomo wa mama mkwe!"

Elfriede akamnusa naba, akatikisa kichwa. "Dada Rosina, bila ganda siwezi kumwandika. Atafanana na wengine wote."

Rosina alitaka kulia. Mama wa watu, aitwe mwongo mara ya pili! Halafu akaruka. "Maganda! Nimeyafukia. Twendeni!"

"Ufukue ulichoilisha ardhi?" Drieka aliacha mzaha. "Mwaka kesho itatunyima sote!"

Rosina akatangulia. Kichakani alifukua taratibu, akayatoa maganda, meusi tii, yamegandwa na mchanga. Elfriede akakata kipande cha nyama ya naba cha kutosha kazi yake. Iliyobaki, kitoweo chao cha jioni, Rosina akaitia yote shimoni.

"Kula, mama," akaiambia ardhi huku akifukia. "Leo umepata minofu."

Drieka akaokota ganda moja, akaligeuza, akaligeuza tena.

Elfriede alikuwa tayari anaandika. "Aliyemgundua: Rosina Kooper."

"Mimi? Andika Hendrina. Mimi nimemfuata tu."

"Andika na kwamba hakuwa mwongo," Drieka akadakia.

"Dada Drieka, hapa hakuna nafasi ya hilo."

"Itafute."