Wosia wa Shamba la Makere

Nilitoka sokoni Kasulu nikamkuta mdogo wangu anapasua kuni za msiba wangu. Msiba wangu mimi, ninayepumua, nimebeba dagaa kwenye kapu. Shangazi yetu alikuwa ameshatandika mikeka uani, na wake wa ndugu zetu kutoka Kibondo walikuwa wanachambua maharage. Nikauliza kulikoni, shangazi akasema wamesikia natoa wosia.

Kosa lilikuwa langu. Wiki ile nilikwenda ofisi ya kata kuulizia namna ya kuandika wosia. Kwetu Buha mtu hutamka wosia akiwa kitandani, ndugu wamemzunguka, na wanaomsikia hujua kilichobaki ni sanduku. Mimi nikaenda kwa miguu yangu, na kalamu mkononi. Habari zikafika Kibondo kabla sijafika nyumbani. Nilikasirika, jamani, nikawaambia wabebe maharage yao waondoke. Shangazi akaniambia nikae chini, maana kama siumwi, basi wanataka kuusikia huo wosia.

Nikakaa, nikawaeleza. Nimefundisha shule za msingi mpaka nimestaafu, na chuo kikuu sikukikanyaga ingawa nilikitamani sana. Mtoto sikujaliwa. Shamba la Makere si la ukoo, nililinunua mwenyewe. Nikifa nataka liende kwa chuo kikuu kile ambacho wanafunzi wake walikuja misimu miwili kujaribu mbegu za mihogo pale. Ila ofisini walinishauri ndugu wa tumbo moja asaini kama shahidi, la sivyo nikishazikwa ukoo utalidai, na chuo kitachoka kesi kitaliacha. Na wa tumbo moja niliyebaki naye ni mmoja tu, yule mwenye shoka.

Akakataa. Alikataa kwa upole, na upole wake ndio huniudhi zaidi.

"Dada, mtu asiye na kaburi hapa hapewi shamba."

Akasema hao wasomi wataliuza, na wanawe watakuwa wanapita barabarani wakionyeshana kwa kidole ardhi ya shangazi yao.

Nilimjibu vibaya. Nilimkumbusha mwaka ule mihogo ya watu ilipooza ardhini, yeye alikuja kwangu na baiskeli kuchukua mbegu ya wanafunzi wale wale, na tangu hapo nyumba yake haijalala njaa. Shukrani ya punda mateke, nikamwambia, mbele ya wake za watu. Akainuka, akatoka nje ya ua.

Nilidhani amekwenda zake. Nikaanza kulia, kwa hasira na kwa aibu pia, maana bila yeye karatasi ile ilifaa kufungia karanga tu.

Baadaye mdogo wangu akarudi, akaketi mkekani karibu yangu. Akasema atasaini, lakini kwa sharti moja: niandike kwamba nitazikwa palepale Makere, shambani. Hapo chuo kitakuwa na kaburi la kutunza, na atakayetaka kuliuza ataona haya.

Mimi nilishajichagulia mahali pangu zamani, Kibondo, ubavuni mwa mama. Kila mwaka huenda kupalilia kaburi lake, nikimaliza napima kwa macho nafasi yangu, inanitosha. Nilimtazama mdogo wangu. Naye hakukwepa macho, alijua anachoniomba.

Nikavuta karatasi nikaandika.

"Na mama tutamwambia nini?" nikamuuliza.

Akachukua kalamu, akasaini polepole jina lake lote, la kwake, la baba na la babu.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Nitamwambia umekwenda chuo kikuu."