Supu ya Mama Kabla ya Kisu

Mizani ya kituo chetu cha afya inaishia kilo mia na hamsini. Nilipopanda, mshale ulikimbia hadi mwisho, ukagota, ukabaki pale unatetemeka. Muuguzi, binti niliyemfundisha darasa la tatu, aliutazama mshale, akanitazama mimi, akatafuta maneno ya adabu asiyapate. Mwishowe akasema, "Professora, labda bandarini."

Basi nikaenda bandarini. Pale, kwenye bandari ya mji wetu wa Mocímboa da Praia, wana mizani ya magunia na samaki, na mpimaji wake ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Huku kwetu watoto wa mjomba na shangazi ni watani, na utani hauna likizo. Nilipopanda lile bamba la chuma, baada ya gunia la korosho na kabla ya papa mmoja mkubwa, hakunionea haya hata kidogo. "Huyu haandikiwi risiti," aliwaambia wachuuzi wa samaki. "Huyu tunampeleka serikalini." Nikamjibu kwamba yeye hata akipimwa pamoja na baiskeli yake hafikii uzito wa kilemba changu. Watu wakacheka, nami nikacheka, halafu nikaisoma namba: mia na hamsini na nane. Nilishuka nimeacha kucheka.

Namba hiyo ilitakiwa na daktari. Mwezi mmoja kabla, mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi kwenye kampuni ya gesi, alinigharamia safari ya Dar es Salaam nikaonane na mpasuaji. Daktari yule hakuzunguka. Alisema sukari yangu imepanda, presha imepanda, na moyo unafanya kazi ya mioyo miwili. Tumbo likipunguzwa kwa kisu, nina nafasi nzuri ya kuzeeka. Nikiendelea nilivyo, nisitegemee sana kuiona sitini. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliweka sharti moja: kwa wiki nne nile supu nyepesi na mboga, nishushe kilo nane, maana ini lililojaa mafuta humzibia njia anayepasua. Kila Jumatatu nimtumie uzito kwa simu. Kilo nane zisiposhuka, hanigusi.

Mama yangu nilimwambia kisu hicho ni kwa ajili ya magoti tu.

Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa heshima. Mzazi mtu mzima habebeshwi habari nzito. Ndivyo tulivyolelewa, mtoto akifiwa au akiugua, mzazi hufikishiwa kwa kijiko, kidogo kidogo. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Pia nilijua siwezi kulala kwenye kitanda cha upasuaji bila radhi yake, na radhi hiyo sikuthubutu kuiomba. Kwa mama kukatwa tumbo ili mtu asile ni jambo la kichaa, na aliniambia hivyo hivyo. "Kufunga kuna futari," alisema siku niliyorudi. "Hiyo ya doutor, futari yake iko wapi?"

Sikumlaumu. Mwaka ule wa vita, tulipoukimbia mji, tulikaa porini siku tano, mimi na yeye. Mama alikuwa na makopa ya muhogo amefunga kwenye pindo la leso. Kila akikata kipande alikuwa akinipa mimi, akisema meno yanamuuma. Nami nilikula. Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nikala chakula cha mama yangu na kujifanya ninayaamini meno yake. Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu. Tuliporudi kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu tulikokimbilia, gari liliposimama pale njia panda ya Awasse, alishuka akanunua mihogo ya kuchoma na mayai manne, akasimama kunitazama nikila mpaka dereva akapiga honi. Sitadanganya, nilikuwa mnene kabla ya vita. Lakini kilo zilizoongezeka baada ya hapo aliziongeza yeye kwa mkono wake, na kila kilo ilikuwa mapenzi. Nilimpenda kwa hilo, na siku nyingine nilitamani kupiga ukelele.

Isitoshe, hapa kwetu mtu akinenepa husemwa ametulia. Akikonda, majirani hushusha sauti anapopita, kila mmoja akimpa ugonjwa wake.

Hata hivyo mama alikubali kupika supu. Alisema asiyejua kupika ndiye atakayeniua, si kisu. Supu ya samaki, mchicha, kunde kidogo, pasipo mafuta; ugali na wali nisivitie machoni. Wiki ya kwanza nilishusha kilo moja na nusu. Binamu alitangaza pale bandarini kwamba nchi imepungukiwa.

Jumatatu ya pili nilipanda tena. Nilikuwa nimeongezeka kilo moja. Binamu alisogeza mawe ya mizani, akapima upya, akaniambia namba kwa sauti ya chini na hakutania. Hapo ndipo niliposhtuka. Nilimtumia daktari namba ile, na jibu likaja kabla sijatoka getini: "Mwalimu, tukienda hivi tutaahirisha, na moyo wako hautatusubiri." Sikwenda shule kama kawaida yangu. Nilirudi nyumbani.

Mama alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Pembeni yake palikuwa na nazi mbili nyingine zimekwisha kunwa, na sufuria ya supu yangu ilikuwa motoni, imefunguliwa, inasubiri.

"Mama, hiyo nazi ya nani?"

Hakushtuka. Aliendelea kukuna. "Ya kwako. Tui nakamua, naliacha lipoe, mafuta ya juu natoa. Linalobaki ni maji tu."

Nilisema maneno mengi asubuhi ile, na si yote ya kumwambia mama. Nilimwambia ananihujumu. Nilimwambia binti wa kituo cha afya ana akili kuliko yeye. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi, na pumzi zangu siku zile hazikuwa nyingi.

"Ntu hapelekwi kwenye kisu na njaa," alisema. "Nilitaka wakukate una nguvu. Mwanangu, njaa mimi nimeiona inaua. Nimeiona kwa macho yangu njiani. Unene sijauona unaua ntu."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Kukaa kwenyewe kulikuwa kazi. Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kusema, na la kwanza lilikuwa jepesi kuliko la pili. Nilimwambia kwamba nilijua. Mtu aliyezaliwa pwani hii hawezi kunywa tui asilijue, hata likichujwa mara kumi. Siku ya kwanza tu ulimi uliniambia, nami nikauambia unyamaze, nikamaliza bakuli, nikasifu supu. Kama kulikuwa na wizi, tuliiba wawili.

Mama alicheka kidogo, akajifuta mikono.

"Na magoti si kitu, mama," nikasema. "Nilikudanganya. Ni moyo. Daktari amesema nikibaki hivi, naweza kutangulia."

Huku hatusemi "kufa" kwa mtu tunayempenda. Lakini kila mama analijua neno hilo la kutangulia, na kila mama anaogopa kulisikia kwa mtoto wake. Mkono wake ulibaki juu ya leso. Alinitazama kwa muda mrefu, uso, shingo, miguu yangu iliyovimba, kama anayenitazama baada ya safari. Aliinuka, akazichukua zile nazi zilizokunwa, akazipeleka nyumba ya pili kwenye watoto wengi, akarudi mikono mitupu. Halafu akaimwaga supu ya sufuriani na kuanza upya, na safari hii aliniita nisimame karibu nitazame kila kinachoingia.

Wiki mbili zilizobaki hazikuwa na mchezo. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekula mandazi mbele yangu, wanafunzi wangu wakiwemo. Mama alikula nilichokula mimi, bakuli moja dogo kila mmoja, nami nikimkataza alisema tumbo lake halijaniomba ruhusa. Jumatatu ya nne binamu aliitangaza namba yangu kwa wachuuzi wote kwa sauti ya mwadhini, na daktari akaandika neno moja: "Njoo."

Radhi ya mama nilikuwa bado sijaipata. Alikunja nguo zangu, alinifungia dawa zangu, alinisomea dua asubuhi na jioni, lakini kila nilipojaribu kuomba, aliuliza kama nimeweka mswaki.

Kwetu mtu hatoki safari nzito bila kupita kwa majirani kuaga na kuomba msamaha. Siku moja kabla ya kuondoka nilijifunga niende, nikamkuta mama mlangoni amekwisha vaa. Alinitangulia njia nzima kwa mwendo wa haraka, nami nikimfuata nikihema. Kila nyumba alisema yeye kabla yangu. "Huyu anakwenda kufanyiwa operação. Atarudi amekonda. Si maradhi, ni matibabu. Asije ntu akanipa pole." Nilisimama nyuma yake, mimi na kilo zangu mia na hamsini, kama mtoto anayeandikishwa shule.

Nyumba ya mwisho ni ya bibi wa rika lake, aliyechezwa naye unyago. Alitusikiliza mpaka mwisho, akanishika tumbo kwa viganja viwili, taratibu, akalipapasa. Kisha akamgeukia mama.

"Na wewe shoga, umeridhia ntoto akakatwe?"

Mama alinishika mkono. Hakumtazama mwenzake, alinitazama mimi.

"Nimeridhia," akasema. "Nataka yeye ndo anizike."