Siku Nilipomzamisha Fundi Nantimbo

Ninaikumbuka vyema alasiri moja ya msimu wa korosho, kijijini Naipingo, nilipomuua mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwanangu, umeniandikia kutoka Ruangwa kwamba umechoshwa na yule mhusika unayemsimulia kila Ijumaa katika kundi lenu la simu, na kwamba kisa kijacho kitakuwa cha mauti yake. Kabla hujamfisha, nisikilize.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, likizoni kwa shangazi yangu. Wanawake wa jirani walikusanyika uani kwake kubangua korosho, mikono wameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze. Mimi nilizivunja korosho nyingi kuliko nilizozitoa nzima, basi shangazi akaninyang'anya jiwe na kuniamuru nisome.

Niliwasomea visa nilivyovitunga mwenyewe juu ya Fundi Nantimbo, fundi baiskeli aliyezunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa. Kila alipofika mahali alipiga kengele mara mbili, akavua kofia, akakataa kikombe cha kwanza cha uji na kukubali cha pili. Nilipoyakaribia maneno hayo, wanawake walinitangulia kuyasema kwa sauti moja. Nilidhani wanaikejeli kalamu yangu. Sasa ninajua kwamba walikuwa wakimkaribisha mgeni.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mhusika asiyebadilika ni dhaifu. Kwa majivuno ya elimu hiyo changa, nikamzamisha Fundi Nantimbo katika Mto Mbwemkuru, kwa sentensi ndefu nilizozikeshea.

Mawe yakanyamaza.

"Kafa?" akauliza Bi Zainabu, jirani yetu.

"Amekufa."

"Kauawa na nani? Si wewe?"

"Ni hadithi tu, Bi Zainabu."

"Hadithi tu!" mwenzake akadakia. "Na ule uji wa pili atakunywa nani?"

Wakacheka wote, ila Bi Zainabu. Alikuwa akijifuta majivu, kidole kimoja kimoja. "Mimi nikifika nyumbani," akasema, "nitamwambia nini mzee?"

Hapo ndipo nilipoelezwa. Mumewe, Mzee Bakari, alikuwa amelazwa na kiharusi na alikataa kula. Kila jioni mkewe alimtafsiria visa vyangu kwa Kimwera, lugha yao ya nyumbani, na mzee, kwa mchezo wa kumwiga Fundi, alikataa kikombe cha kwanza na kunywa cha pili. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha siku.

"Kumbe umesomea kumaliza watu," shangazi akaniambia. "Inuka, ukamwambie mwenyewe."

Nikamfuata Bi Zainabu hadi kwake. Mzee alikuwa juu ya kitanda cha kamba, uso ameuelekeza mlangoni.

"Fundi kafika wapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili chake kizito.

Njiani nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu. Nikayaacha yote.

"Baiskeli imezama mtoni, babu. Mwenyewe anakuja kwa miguu."

"Na kengele?" mzee akauliza.

"Ameifungua. Ameishika mkononi."

Upande mmoja wa uso wake ukatabasamu. Bi Zainabu akaleta kikombe. Mzee akatikisa kichwa kukataa. Mkewe akakirudisha, akavuta pumzi moja, akakileta tena.

Mwanangu, msomaji hamrudii mhusika kwa ajili ya asiyoyajua peke yake. Humrudia pia kwa ajili ya yale anayoyajua: kengele, kofia, kikombe cha pili. Dunia humbadilikia mtu bila kumwomba ruhusa, naye hushukuru akikutana na mmoja anayefika vilevile alivyozoea kufika. Kumtunza mhusika huyo si uvivu wa mwandishi, bali ni kazi ngumu, maana kila safari umletee njia mpya ya kufika.

Sikukatazi kumuua wako. Wahusika nao hufa. Mchoshe, mzeeshe, mnyang'anye baiskeli yake kwanza. Kisha uliza ni nani anayemngoja, na unapouliza usidhani kwamba wanaomngoja ni wale tu unaowaona.

Mwenyezi Mungu akujalie mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kufuta, na kila mlango utakaoufikia ukute kikombe cha pili kimekwisha kumiminwa.