Wikendi ya Masira, mzee wa mbuzi na posa yangu ya Nizwa

Wakuu, salaam aleikum nyote mliomo humu.

Mie huwa nasoma tu nyuzi za watu, nacheka, nafunga kompyuta, nakwenda zangu. Leo mke wangu kaniambia, "Na wewe waandikie yako, mbona ya wenzio unayafaidi?" Basi haya. Sitii chumvi. Mashahidi wangu wawili wako hai, na mmoja yumo humuhumu jukwaani. Akitaka kubisha mtamuona hapo chini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wikendi yetu bado ni Alhamisi na Ijumaa. Nilikuwa karani katika idara moja ya serikali pale Ibra, Oman.

Kwanza mjue hali yangu, maana bila ya hiyo hamtaelewa kwa nini nilitokwa na jasho.

Baba keshatangulia mbele ya haki. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Dada yangu kaolewa Sur, ana watoto watano. Kwa hiyo mama nakaa naye mimi, na yeyote nitakayemuoa atamkuta ndani.

Nilishaposa mara mbili. Mara zote mbili mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka lilipofika swali la mama anakaa na nani. Kahawa ikapoa pale pale. Baada ya wiki jibu likaja: msichana bado anasoma. Mmoja wao alikuwa kashamaliza chuo mwaka ule ule.

Wa tatu ndiye Zuwena. Alikuwa mwalimu, akifundisha skuli moja na binti wa ami yangu. Nilikuwa nimemuona mara tatu, na mara zote tatu nilisahau nilichokuja kusema. Posa ikapangwa Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwa baba yake, Mzee Nassor, Nizwa. Mzee mkali kweli. Watu wakisema alimrudisha mchumba mmoja mlangoni kwa kuchelewa dakika kumi.

Sasa mtu mwenye akili wiki hiyo angekaa nyumbani akanyoa ndevu. Mie nilikuwa na marafiki.

Wa kwanza Seif, kazaliwa Bujumbura, muuza spea, mdomo haufungi. Wa pili Khamis, wazee wake Wapemba, akijiita mtoto wa bahari ilhali kakulia Nizwa, ambako bahari huonekana kwenye kalenda. Wakanijia Jumatano. "Bosi," Seif akaniambia, "ukishaoa hutoki tena. Twende kisiwani Masira Alhamisi, Ijumaa asubuhi tunarudi, posa unaiwahi umepumzika."

Dada akaja kukaa na mama. Mama mwenyewe akanipigia pasi dishdasha, kanzu yangu ya posa, kwa ule mkono mmoja wa kushoto. Nilimwambia aache, akanifukuza chumbani. Mkunjo wa mkono ukatoka umekwenda upande. Nikaitundika garini nyuma ya kiti, tukaondoka baada ya Alfajiri.

Mji wa Sinaw, njiani, tukasimama kununua maji. Alhamisi ndiyo siku ya soko la mifugo. Ndipo akatujia mzee mmoja, kilemba kafunga kibedui, ndevu zina hina, fimbo mkononi, na mbuzi. Akatuuliza kwa Kiarabu cha jangwani tunakwenda wapi. Tukamwambia Masira. Akafungua mlango wa nyuma akampakia mbuzi kwanza, kisha akapanda yeye. Ruhusa tulimpa akiwa kashakaa.

Sasa wakuu, ninyi mliokulia Oman mnajua ugonjwa wetu sisi ambao wazee wetu walitoka Afrika. Tukiwa mbele ya Mwarabu tunahamia Kiswahili, tunajiona tumefunga mlango.

Seif ni mtu wa kuhakikisha, akamfanyia mtihani. Akasema kwa Kiswahili, sauti ya upole kabisa, "Mzee, kuna nge juu ya kilemba chako." Mzee katazama dirishani, hata jicho halikutikisika. "Salama," Seif akasema. "Huyu hajui hata maji."

Basi tukaachia. Khamis akasema mzee na mbuzi wake hajui nani anayenuka zaidi. Seif akamuigiza Mzee Nassor atakavyonikunjia uso. Mimi nikamwambia jina la baba mkwe asilichezee, lakini nilicheka, siwafichi.

Tulipopita kidogo mji wa Hij mazungumzo yakageuka. Khamis akaniuliza, "Na suala la mama utalisemaje?"



"Sikiliza," Seif akasema, "safari hii usiwe mjinga. Sema mama anakaa Sur kwa dada. Ukishaoa, mama anakuja kutembea, anakaa. Nani atamfukuza?"

Nilimwambia siwezi. Akaniambia, "Ukweli uliusema mara mbili, ukapata nini?" Na kweli, nilikuwa nimechoka kuambiwa msichana bado anasoma. Nikasema sawa. Nitasema anakaa kwa dada.

Nyuma mzee akakohoa. Mbuzi naye akawa anakula mkate wa Khamis.

Bandari ya Shanna tukapanda feri, ile ya mlango wa chuma, magari yamebanana huwezi kufungua mlango. Upepo wa huko mnaujua. Mtoto wa bahari hakufika hata nusu ya safari. Kashika chuma, kageuka rangi, akawa analalama, "Yakhe, laiti ningepata ndimu." Mara mzee akatia mkono mfukoni, akatoa ndimu mbili, akampa bila ya neno. Tukasema wazee hawa wana busara. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Watatu sisi, tumesoma.

Kufika mji wa Hilf, mzee akaapa kwamba hatulali ufukweni na yeye ana nyumba. Kumbe yule mbuzi alikuwa chakula cha Ijumaa cha nyumba nzima, akachinjwa siku hiyo kwa ajili yetu. Baada ya Magharibi ikaja sinia ya wali, nyama juu. Seif akasema kwa Kiswahili huku akitabasamu, "Shingo mwachieni Khamis, mie nalitaka paja lile." Mzee akachukua shingo kwa mkono wake, akaiweka mbele ya Seif. "Kula, kula." Seif akaisogeza. Mzee akairudisha. Mara tatu. Paja nikapewa mimi, nikalila kwa adabu zote.

Kabla ya kulala mzee akasema naye kesho ana shughuli ya jamaa zake upande wa Nizwa, atarudi nasi. Tukamwambia karibu ammi. Tungekataaje na mbuzi wake tumeshamla?

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tuko ndani ya feri. Mzee kaja na gunia la papa mkavu, zawadi ya kuwapelekea jamaa zake. Akaliweka nyuma ya kiti, chini ya dishdasha yangu.

Feri ikaenda nusu saa, ikasimama. Maji yametoka, tumekalia mchanga. Nahodha akazima mashine, akaanza kupika chai. Nikamuuliza tunaondoka lini, akaniambia bahari ikirudi. Simu haina mtandao. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Nikawa namuona Mzee Nassor kakaa na saa yake mkononi.

Nikawaambia wenzangu, kwa Kiswahili, "Labda heri tuchelewe. Nikichelewa nitarudishwa mlangoni, sitakuwa nimemkana mama." Seif akanambia tensheni imenipanda kichwani. Mzee alikuwa kakaa juu ya kamba, anatia sukari kwenye chai yake. Akakoroga muda mrefu sana.

Saa tatu maji yakarudi.

Kutoka Shanna niliendesha mimi. Hij tukateremka kusali Ijumaa, tukaendelea. Sinaw tulipita bila ya kusimama. Nizwa mzee akasema tumshushe karibu na soko, atajitafutia njia. Tukaoga msikitini, nikavaa. Wakuu, nilinuka papa. Khamis akanimwagia udi wote wa chupa yake, nikawa nanuka papa aliyekwenda arusini.

Mlango wa Mzee Nassor tuliugonga dakika tatu kabla ya wakati. Ami yangu aliyetoka Maskati kuja kuniposea alikuwa keshafika, akavuta pumzi nilipoingia, akajuta kuivuta.

Nikamshika mkono Mzee Nassor, shikamoo, marahaba. Nikainua macho nimsalimie aliyekaa kuliani mwake.

Mzee wa mbuzi. Kanzu nyeupe, ndevu kazichana, anahesabu tasbihi. "Huyu shemeji yangu, Hamdun," Mzee Nassor akasema, "mjomba wake Zuwena. Kaja kutoka Masira." Nikamsalimia kwa Kiarabu, akaniitikia kwa Kiarabu, kama hajapata kuniona. Nikajipa moyo: Kiswahili hajui, basi salama. Mjinga mkubwa mimi.

Halwa ikaliwa, kahawa ikazungushwa, ami akasema maneno mazuri yaliyomleta. Mzee Nassor akaniuliza kazi, nikajibu. Nyumba, nikajibu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Na mama yako, mgonjwa nasikia. Anakaa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu Hij. Seif akanitazama. Mie nikainamisha kichwa, nikauona ule mkunjo wa pasi kwenye mkono wa dishdasha yangu, umekwenda upande.

"Anakaa na mimi," nikasema. "Na nikioa ataendelea kukaa na mimi. Mkono mmoja haufanyi kazi na usiku huita. Nikikwambia vyengine nitakuwa nakudanganya."

Nikajua ndo basi tena, kahawa itapoa.

Yule mzee akagusa kilemba chake taratibu. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha Mjini Unguja cha zamani, "Seif mwanangu, hebu nitazamie. Yule nge kashateremka?"

Kahawa ilimtoka Seif puani, nakuapieni. Khamis akautazama mlango, akaona uko mbali.

"Nimezaliwa Malindi ya Unguja," mzee akaendelea, "nikaondoka mtu mzima. Masira nimefuata samaki, lugha sikuitupa." Kisha akamgeukia Mzee Nassor. "Hawa wenzake walimfunza njia nzima amfiche mama yake, naye akasema sawa. Nikaja hapa na neno langu tayari. Nilikuwa nangoja adanganye tu, nilitoe. Sasa kaninyima nafasi."

Mzee Nassor hakucheka. Alinitazama, akaitazama ile dishdasha, sijui aliona nini. Akasema, "Chumba cha mama kiwe cha chini. Asipandishwe ngazi."

Hivyo ndivyo nilivyopewa mke.

Mama alikaa nasi miaka sita, chumba cha chini. Dishdasha zangu alikuwa akizipiga pasi yeye, mpaka mwisho, na mikunjo ikienda upande. Zuwena hakuwahi kuurudia pasi hata mkunjo mmoja. Siku hizi nguo zangu zimenyooka sana, na sizifurahii.

Funzo langu ni dogo. Oman hii Kiswahili si mlango wa kufunga. Wenye ufunguo wako hata jangwani, wamekaa na mbuzi wao wanakusikiliza. Kama huwezi kulisema mbele ya mtu kwa lugha yake, na kwa hii yetu liache.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwengine kashakamatwa hivi? Dukani, hospitali, kwenye teksi, semeni bila ya haya.

Na Seif, najua unasoma. Mjomba Hamdun atakuwepo kwetu Idi hii. Kaniagiza nikwambie shingo yako kakuwekea.