Maji ya Kisima Ndani ya Rejeta

Maji yakichemkia ndani ya chuma chenye kutu yana harufu yake, na mie hata leo naitambua kwa mbali. Ni kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, ukichanganya na mpira wa moto. Juzi niliipata kwenye foleni ya Tegeta, inatoka kwenye lori bovu lililowekewa jiwe nyuma ya gurudumu, nikajikuta nimeushika mkono wangu wa kushoto, pale kwenye kovu linaloanzia kwenye kifundo hadi kiwiko. Kovu hili lina wenyewe. Nimewataja miaka yote, kwa aliyeniuliza na kwa ambaye hakuniuliza, na hapa nawataja tena.

Mwaka niliomaliza darasa la saba tulikuwa tunakaa Chang'ombe, baba, mama na mie. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha sabuni, akapunguzwa kazini, akapewa kiinua mgongo chake. Wenzake wenye akili walinunua viwanja Goba, wakati ule pori tupu. Baba akanunua gari. Saluni ya Kijerumani, nyeupe, kuukuu lakini imetunzwa, ya mkandarasi mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Viti vyake vya ngozi vilinukia kama viatu vipya, na mlango ukiufunga haupigi kelele, unaguna tu kama mtu mzima aliyekataa jambo. Wala hakulinunua kwa anasa. Alitaka kulikodisha kwa maharusi, na Temeke nzima kila familia ilitaka bibi harusi wao ashuke kutoka ndani ya gari lile. Mie sikuchaguliwa sekondari ya serikali, nafasi zilikuwa chache, ila shule moja ya kulipia ilikuwa imenikubali. Baba akaniambia gari hilo ndilo litakalonisomesha.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Gari lilikunywa petroli kama lina kinyongo nayo. Oili ilidondoka uani mpaka mama akawa anamwaga mchanga kila asubuhi. Leo shokapu, kesho pampu ya breki, keshokutwa asubuhi haliwaki kabisa mpaka tulisukume, baba na shati lake la ukarani, majirani wakihesabu moja, mbili, tatu. Kipuri kipya hukipati, na cha mtumba ukikikuta kwenye maduka ya Gerezani muuzaji anakuangalia viatu kwanza ndipo anataja bei. Nyama tukaanza kuila kwa sikukuu. Mama alikuwa akiliita gari mke mwenzangu. Akiamka anauliza, "Mwenzangu kaamkaje leo? Kapata hamu ya nini?" Baba anacheka, halafu anatoka kwenda kutafuta hicho kilichotamaniwa.

Sasa wa kwanza kumtaja ni Fundi Selemani wa gereji ya Keko. Aliifungua injini siku moja akatoa kidude cha shaba, ukubwa wa kikombe cha kahawa, kile kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Wanakiita themostati. Akamwonyesha baba.

"Mzee, hiki wenzetu wamewekewa kwa ajili ya barafu. Dar hii umeiona barafu?"

Baba akacheka, fundi akacheka, kidude hakikurudishwa. Karibu kila gereji ya mji huu ilikuwa ikifanya hivyo, na nyingine zinafanya mpaka leo. Mie nikapewa nichezee. Nyumbani nilikitumbukiza kwenye maji ya chai yanayochemka, nikakiona kinafunguka taratibu kama mdomo wa samaki, na kikipoa kinajifunga. Nilishangaa sana, ila ningemwambia nani? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa kwamba kwenye injini kama ile, ukikitoa, maji yanapita njia ya mkato, yanazunguka humo humo kwenye moto bila kufika kwenye rejeta kupoa.

Wa pili ni mama yangu, Mungu amrehemu; yeye nimemtaja baba akiwa mbali tu. Mzungu alikuwa ameacha dumu la maji ya kijani, akasisitiza rejeta isitiwe kitu kingine. Yalipoisha, baba akasema basi tutie maji ya bomba, matamu, na kazi hiyo nikapewa mie kila asubuhi. Lakini bomba la mtaani kwetu lilitoa maji mara mbili kwa wiki, tukiyaweka kwenye pipa kwa ajili ya chai na maharage tu. Kuoga na kufua tulitumia ya kisima, yana chumvi mpaka sabuni inagoma kutoa povu. Mama akanikuta na kata kwenye pipa. "Weka chini," akaniambia. "Yeye anywe matamu, mie nioge chumvi? Mpe ya kisima. Na baba yako usimwambie." Nikatii. Miezi mitano nililinywesha gari chumvi ile inayokula chuma, na baba akipita ananishika kichwa, anasema ahsante mwanangu.

Ikaja Jumamosi ya harusi kubwa. Jumatatu yake ndiyo ilikuwa mwisho wa kulipa ada, na hela ya harusi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kutimiza. Baba alivaa suti, mie nikakaa mbele na dumu la maji miguuni. Tulitoka kanisani tukiwa na maharusi nyuma, mbele yetu matarumbeta juu ya pikapu. Msafara wa harusi unakwenda mwendo wa jongoo, na jua la saa nane. Barabara ya Kilwa mshale wa joto ukalala upande mwekundu, moshi ukapanda, gari likazima. Wapiga matarumbeta hawakugeuka. Waliendelea kupiga na kuondoka huku bibi harusi amejishika shela. Mjomba wa bwana harusi akashuka kwenye gari la nyuma akaanza kumsema baba. "Huu ndio mkweche uliokuwa unatusifia? Nimeletewa bibi harusi au mahindi ya kuchemsha?" Watu wakaangua kicheko.

Baba ndiye aliyenifundisha kwamba rejeta ya moto haifunguliwi. Siku ile, kwa aibu, akaifungua. Mie nilikuwa pembeni yake na dumu. Maji mekundu yaliruka, yakampata kidevuni, yakanishukia mie mkono mzima.

Kwa hiyo wa tatu ni baba. Sio kwa mkono tu. Ile akiba ya ada aliyokuwa nayo hakuipeleka shule; aliipeleka Keko kutengeneza kichwa cha injini kilichopasuka. Alikuja kitandani kwangu hospitalini akaniambia, "Likipona litakusomesha mpaka chuo." Halikupona. Lilikaa uani mpaka kuku wakataga kwenye viti vya ngozi, na mie nikaishia la saba.

Sasa nasambaza mayai, Goba hadi Tegeta, kwa kagari kangu kadogo ka Kijapani. Baba nakaa naye. Macho yamepungua, masikio mazima. Mwezi uliopita tulipita kwa fundi kijana, akafungua boneti akaniambia, "Mama, tukitoe hiki kidude, nchi yetu ya joto." Nikamwambia akiache kilipo, na maji ya kijani ninayo mwenyewe. Nikaanza kumimina. Baba alikuwa ameketi mbele, mlango wazi, ndipo akauliza bila kunitazama.

"Yale yalikuwa ya kisima, siyo?"

Dumu likasimama mkononi. Nikamuuliza alijuaje.

"Yalinirukia mdomoni. Chumvi tupu."

Miaka thelathini na kitu. Nimemsema mzee huyu mbele ya wageni, mbele ya mama, mbele ya wanangu, kwamba ubishi wake na gari lake ndivyo vilivyoninyima shule, naye ananyamaza na ladha ya chumvi anayo. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umeshaungua," akasema. "Ningekuongezea nini?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mie wa baba niliuona mwepesi hivyo. Selemani simsamehe. Ada ya binti yangu wa kidato cha tatu naipeleka shule kabla sijanunua hata tairi. Lakini pale gereji nilimalizia kumimina, nikafunga kifuniko, nikamfungia baba mlango. Kwenye ile orodha yangu, mie mwenyewe sikuwahi kujiandika.