Nilivyodhani Musa Ananitilia Sumu

Ndugu zangu mliokusanyika kwa ibada hapa mtaani Fereej Bin Mahmoud Ijumaa hii, nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na jambo hilo linanishangaza mimi kuliko nyinyi.

Naitwa Wafula. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nguvu. Nyumbani niliendesha boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, la kiwanda cha chai, na hapa Doha nikapata kazi hiyohiyo kule eneo la viwanda, Industrial Area, mahali panapofuliwa mashuka ya hoteli. Alfajiri naangalia maji, nawasha moto mdogo, naacha boila ipate joto polepole, kisha nafungua mvuke kidogo kidogo. Jioni nazima bila haraka vilevile.

Kisha kichwa kikaanza kuniuma. Kabla ya saa sita kilikuwa kinagonga, natapika nyongo. Lakini Ijumaa, siku ya mapumziko, nikija huku kwenu, nilikuwa mzima kabisa.

Hapo nikaanza kumtazama Musa. Musa ni Mganda wa Jinja, mpiga pasi palepale kazini, tunalala chumba kimoja, na ndiye aliyekuwa akinipikia chai ya asubuhi. Alikuwa ameshawahi kuuliza kama mdogo wake anaweza kupata kazi ya boila. Nikajiambia: Ijumaa nakunywa chai huku kwenu, sinywi yake, na Ijumaa siumwi.

Nikaacha chai.

"Mbona siku hizi hunywi?" akaniuliza.

"Tumbo," nikamjibu, huku naangalia mikono yake.

Nikaanza kununua chapati dukani na kuficha chupa yangu ya maji chini ya godoro. Kichwa kikazidi. Nikadhani sasa anapaka kitu kwenye mto.

Asubuhi moja, boila ikiwa inawaka, miguu ikakatika. Nikaanguka, nikajikojolea. Nikasikia, "Wafula, usilale," na mikono ikanishika kwapani kunivuta nje. Nikajua Musa amekuja kunimaliza. Nikamng'ata.

Hospitalini walinivisha maski ya oksijeni. Daktari akauliza, "Ukitoka kazini kichwa kinapoa?"

"Ndiyo."

"Pale unapowasha moto, hewa inaingilia wapi?"

Nikamwambia liko tundu ukutani. Vipimo vikaonyesha damu yangu imejaa kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, ya moto uliokosa hewa. Mafundi walikuta tundu la hewa ukutani, nyuma ya mapipa, limezibwa kwa matambara. Msimamizi akasema ndiye aliyeagiza lizibwe, eti vumbi lilikuwa linachafua mashuka.

Kwa wiki nyingi vidole vyangu havikunitii. Musa ndiye aliyenifunga vifungo vya shati, alama za meno yangu zikiwa bado mkononi mwake. Nikamwambia, "Nilidhani unaniua."

Akafunga kifungo cha mwisho. "Nilijua. Ulikuwa unanusa vikombe."

Namshukuru Mungu, daktari na Musa. Nanyi mnaofanya kazi penye boila, jenereta au jiko: kabla ya kuwasha, hakikisha hewa inaingia na viungo vya bomba la moshi havijaachana. Ukizima, acha chumba kipoe kikiwa wazi. Kichwa kikiuma kazini na kupoa ukitoka, toka nje kwanza, maswali baadaye. Ukiambiwa ni joto tu, usikubali.

Nimerudi kazini. Kila alfajiri naweka kiganja kwenye lile tundu mpaka nisikie upepo. Msimamizi huniambia liko wazi. Naweka kiganja hata hivyo.